Les Misérables: usome kitabu, uende jukwaani au uangalie muvi? Nimelinganisha kwa hesabu ya Fantine

Watu wengi wameijua Les Misérables, riwaya ya Mfaransa Victor Hugo, kupitia nyimbo au ile muvi ya 2012, halafu wanauliza kama kuna haja ya kuhangaika na kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja. Wengine ni kinyume, kitabu walishasoma, sasa wanataka kujua waangalie toleo lipi maana yako mengi mno. Mimi nimesoma, nimeangalia mengi, na kipimo changu kimekuwa kimoja tu: hesabu ya Fantine. Nitaeleza ni kitu gani, ila mapema niseme nitataja mambo mpaka ya mwisho, kwa hiyo kama hupendi kusimuliwa stori kabla, ishia hapa urudi baadae.

Fantine ni binti wa kazi za mikono, amezaa na mwanafunzi mmoja tajiri huko Paris na jamaa kamkimbia. Anaamua kurudi kwao Montreuil-sur-Mer kutafuta kazi, lakini akionekana na mtoto asiye na baba hakuna atakayemwajiri, ndo anamwacha mtoto wake Cosette njiani, kwa mume na mke wenye nyumba ya wageni pale Montfermeil, hao ndo kina Thénardier. Mkononi ana faranga 80. Wanamwambia faranga 7 kwa mwezi, lipa miezi sita kabisa, halafu ongeza 15 za kuanzia, jumla 57. Analipa. Baadae wanapandisha inakuwa 12 kwa mwezi, kisha 15. Anapata kazi kiwandani, mambo yanakaa sawa kidogo, anakopa fenicha kwa tamaa ya kupata chumba chake mwenyewe, halafu wanagundua ana mtoto na anafukuzwa kazi na faranga 50 mkononi na madeni juu. Anaanza kushona mashati, analipwa sou 12 kwa siku. Faranga moja ni sou 20, kwa hiyo zile 15 za mwezi maana yake mtoto peke yake anakula sou 10 kila siku. Zinabaki mbili. Mbili hizo ndo chakula, kodi, kuni na deni la fenicha.

Kuanzia hapo Hugo anakupeleka taratibu, barua moja baada ya nyingine. Barua ya kwanza, Cosette hana nguo ya baridi, tuma faranga 10, Fantine anauza nywele zake kwa faranga 10. Barua ya pili, mtoto ana homa, dawa ni faranga 40, anauza meno mawili ya mbele kwa 40. Na huo ugonjwa ni uongo mtupu. Katikati hapo bei ya kushona inashushwa kwa sababu mkandarasi wa magereza anawafanyisha wafungwa wa kike kazi hiyohiyo kwa bei ya chini, sasa ni saa 17 za kazi kwa sou 9, chini hata ya zile 10 za mtoto. Ndo inakuja barua ya tatu, faranga 100 sasa hivi au mtoto tunamtoa nje. Faranga 100 hazipo kwenye sindano, hata ashone usiku na mchana. Anaenda kujiuza.

Hiyo ndo hesabu yenyewe. Ukiifuata huwezi tena kusema huyu dada alipotoka, unaona kila hatua ilikuwa na bei yake na kila bei ilipangwa na mtu fulani. Kwa hiyo kila toleo nililoangalia nilijiuliza, hesabu hii imebaki au imefutwa?

Kitabu kwanza. Victor Hugo alianza kuandika 1845, akaacha, akaja kumalizia akiwa uhamishoni kisiwa cha Guernsey maana alikuwa amegombana na utawala wa Napoléon III, kikatoka 1862. Sehemu tano, sura 365, ukisema usome sura moja kwa siku unamaliza mwaka mzima kamili, na kuna watu wanafanya hivyo kweli na nadhani ni njia nzuri kuliko kukazana. Sura nyingi ni fupi, kurasa tatu nne tu.

Sasa tuseme ukweli, kitabu kina sehemu zinachosha. Kuna vita vya Waterloo sura 19 nzima na mhusika unayemjua anatokea mwishoni tu anaibia maiti, kuna historia ya nyumba ya watawa, kuna lugha ya mtaani ya wahuni wa Paris, kuna mitaro ya majitaka ya Paris imejengwaje na nani. Mara ya kwanza nilikwama Waterloo, nikakiacha miezi kadhaa, na nilipokirudia niliruka sehemu yote hiyo nikasoma sura yake ya mwisho tu ambapo Thénardier anapekua mifuko ya afisa aliyelala kati ya maiti, sikupotea kabisa. Baadae nilirudi kuisoma kwa raha zangu. Ruka bila kuona aibu. Ila sehemu ya mitaro usiiruke, kwa sababu Jean Valjean, mhusika mkuu, atapita humo amembeba Marius, mpenzi wa Cosette, mgongoni na utakuwa unajua anakanyaga nini.

Kitu ambacho kitabu kinacho na hakuna toleo jingine linacho kwa ukamilifu ni hela. Kila mtu humu hela yake inajulikana. Hugo anaanza na yule askofu, Myriel, na anakuwekea bajeti yake kwenye ukurasa kama daftari la matumizi, serikali inampa 15,000 kwa mwaka na yeye anajiachia 1,000 tu, zingine zote zimeandikwa zinaenda wapi. Jean Valjean anatoka gerezani baada ya miaka 19 (mitano ya kuiba mkate kwa ajili ya watoto saba wa dada yake, kumi na minne ya kujaribu kutoroka) na anapewa faranga 109 na sou 15, wakati yeye kichwani alikuwa amepiga hesabu atapata 171. Siku inayofuata anafanya kibarua, analipwa pungufu ya wenzake kwa sababu pasi yake ni ya njano, ya mfungwa, akiuliza anaambiwa hiyo inakutosha wewe. Yaani kabla hajaiba vyombo vya fedha vya askofu umeshaona yeye ameibiwa mara mbili. Hata Marius, kijana wa mapenzi, Hugo anakuambia anaishi kwa faranga 650 kwa mwaka na anakuchambulia kodi ni kiasi gani na nyama ni kiasi gani.

Kwa Kiingereza tafsiri ziko kadhaa. Ya Isabel Hapgood ya 1887 inapatikana bure kabisa kwenye intaneti ila lugha ni ya kizamani na sentensi ni nzito. Ya Norman Denny ya 1976 inasomeka kirahisi sana, na zile sehemu mbili, ya watawa na ya lugha ya wahuni, kazipeleka mwisho wa kitabu kama nyongeza, lakini ujue kapunguza punguza humo ndani. Ukitaka kamili na bado lugha iwe ya leo, chukua ya Christine Donougher ya 2013. Mimi kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu ningemshauri Denny bila kusita, afadhali umalize kilichopunguzwa kuliko kuacha kamili njiani. Na hilo jina, kwa Kifaransa linabeba maana mbili kwa mpigo, mafukara na watu wa kudharauliwa, ndo maana wengi wameliacha lilivyo.

Jukwaani sasa. Wengi wanadhani hii ni kazi ya Waingereza, hapana, ilianzia Paris 1980, muziki wa Claude-Michel Schönberg na maneno ya Alain Boublil na Jean-Marc Natel. Ndo baadae mtayarishaji Cameron Mackintosh akaichukua, Herbert Kretzmer akaandika maneno ya Kiingereza, ikafunguliwa London ukumbi wa Barbican tarehe 8 Oktoba 1985. Wahakiki wa magazeti waliiponda sana mwanzoni, watu wakanunua tiketi hivyohivyo, na New York ilipofika 1987 ikachukua tuzo 8 za Tony. Ni karibu saa tatu na wanaimba karibu mwanzo mpaka mwisho, maongezi ya kawaida ni machache mno, kwa hiyo kama kuimba badala ya kuongea kunakuudhi, jiandae.

Kwa hesabu ya Fantine, jukwaa limefanya mambo mawili yanayopingana. Kile kibarua cha Valjean kimebaki, mwanzoni kabisa anapewa nusu ya malipo ya wenzake na unalisikia likiimbwa waziwazi. Na pale Valjean anapomchukua Cosette kwa kina Thénardier kwa kuwalipa, bei imebaki, faranga 1,500, kina Thénardier wanavuta bei kidogo kidogo na ni sehemu nzuri sana. Lakini kufukuzwa kazi kwa Fantine wamekubadilisha, na hapa ndo ninapokasirika kila nikifikiria. Jukwaani kuna msimamizi mwanaume anayemtaka Fantine, kakataliwa, ananuna, kwenye ugomvi wa wanawake kuhusu barua anapata sababu ya kumfukuza. Kwenye kitabu hakuna mwanaume huyo. Karakana ya wanawake inasimamiwa na mwanamke, mwenye maadili safi kabisa, na anayemchimba Fantine ni mama mmoja mtu mzima wa mtaani anayependa kujua ya watu mpaka anasafiri kwa hela yake mwenyewe kwenda Montfermeil kumwona huyo mtoto. Fantine anafukuzwa na watu wema wanaolinda heshima ya mahali, na zile faranga 50 anapewa kwa jina la meya, ambaye ni Valjean aliyebadilisha jina, na hana habari. Unaona tofauti? Msimamizi mwenye tamaa ukimtoa, tatizo limekwisha. Kwa Hugo hakuna wa kumtoa.

Na kina Thénardier jukwaani wamekuwa wachekeshaji. Wimbo wao watu wanapiga makofi wanacheka, ni kweli unahitajika kwa sababu kabla yake watu wamelia sana, lakini kitabuni yule bwana ukimkuta kwenye giza la ile nyumba ya Gorbeau anavyomtega Valjean na genge lake, hutacheka.

Pamoja na hayo yote, muziki unafanya kitu ambacho kitabu hakiwezi kukifanya. Kuna ule wimbo wa kufunga nusu ya kwanza, kesho yake ni mapigano ya Juni 1832, na pale wote wanaimba kwa pamoja, mpenzi anawaza mpenzi wake, askari anawaza kukamata, tapeli anawaza kuiba, mfungwa anawaza kukimbia, sauti zote juu ya nyingine na bado unamsikia kila mmoja. Hugo angehitaji sura kumi na mbili. Nikiusikia mpaka leo nywele zinasimama. Kama huwezi kufika ukumbini, tafuta rekodi ya tamasha la miaka 10 lililofanyika Royal Albert Hall 1995, waimbaji wamesimama tu mbele ya vipaza sauti na mavazi yao, hakuna mandhari kubwa, lakini kwa sauti sijasikia zaidi ya pale. Colm Wilkinson akiimba ile sala ya Valjean, shusha kila ulichoshika.

Muvi ya 2012 ya Tom Hooper ni huohuo muziki umewekwa kwenye sinema, dakika 158. Sifa yake kubwa ni kwamba waigizaji waliimba papohapo wakati wa kushuti, hawakufuatisha midomo na rekodi ya studio kama ilivyozoeleka, wakawa na vifaa vya masikioni wanasikia piano tu na okestra ikaongezwa baadae. Ndo maana sauti zinakatika, zinatetemeka, mtu anavuta makamasi katikati ya mstari. Kwa Anne Hathaway hiyo imezaa dhahabu, akapata Oscar, na anastahili. Tena wamefanya jambo moja la akili sana, jukwaani Fantine anaimba wimbo wake mkubwa akishafukuzwa kazi tu, kabla hajauza kitu, anaomboleza ndoto kwa ujumla. Kwenye muvi wameuhamisha ukaja baada ya nywele, baada ya meno, baada ya mteja wa kwanza. Nywele na meno vyote viwili vimo na vina mpangilio, hesabu imerudi kwa kiasi. Maneno ni yaleyale lakini sasa yana uzito mwingine kabisa. Kwenye hili muvi imelishinda jukwaa.

Kwingine imeshindwa. Russell Crowe kama Javert, polisi anayemwinda Valjean, anaimba kwa tahadhari, na Javert si mtu wa tahadhari, ni mtu aliyezaliwa ndani ya gereza na ameapa hatafanana na waliomzunguka. Halafu kamera inasogea usoni kwa mtu kila wimbo, pua kwa pua, mpaka unasahau kuna mji na maelfu ya watu nje. Paris ya maskini inaonekana kidogo sana kwa muvi ya bajeti kubwa vile.

Ukiwa hutaki kuimbiwa, kuna mfululizo wa BBC, ulianza mwisho wa Desemba 2018, episodi sita, umeandikwa na Andrew Davies, hakuna wimbo hata mmoja. Dominic West ni Valjean, David Oyelowo ni Javert, Lily Collins ni Fantine. Hapa hesabu imetulia kuliko kwingine kote kwenye skrini. Kwanza wamekupa muda wa kumjua yule mwanafunzi aliyemtia Fantine mimba, unamwona anavyomlaghai na anavyoondoka na wenzake wakicheka, kwenye muziki huyo unamsikia kwa mistari michache tu. Halafu kuporomoka kwake kunachukua muda, na sehemu ya kung'olewa meno ni ngumu kuangalia, nasema mapema kwa wenye moyo mwepesi. Oyelowo anamfanya Javert mtu mwenye kiu ya kitu ambacho hata yeye hakijui. Olivia Colman na Adeel Akhtar kama kina Thénardier wanaanza kwa kukuchekesha halafu kicheko kinakauka. Upungufu wake ni kwamba Valjean wa West ana hasira nyingi mno hata pale ambapo Hugo alimpa utulivu, na nusu ya pili inakimbia. Ila kwa mtu asiye na muda wa kitabu, hii ndo naiweka ya kwanza.

Za zamani nitazipitia haraka. Ile ya Kifaransa ya 1934 ya Raymond Bernard, Harry Baur akiwa Valjean, ni ndefu zaidi ya saa nne na kwa wapenda sinema ndo baba lao, Baur huyohuyo anamcheza pia yule mzee anayesingiziwa kuwa Valjean mahakamani, na inaleta maana sana. Ya 1958 ina Jean Gabin, iangalie kwa ajili ya Bourvil anayemcheza Thénardier. Ya 1998 ya Bille August, Liam Neeson na Geoffrey Rush, inaangalika vizuri jioni moja lakini inaishia pale Javert anapojitupa mtoni, Valjean anaondoka anatabasamu, na Éponine, binti wa kina Thénardier, akiwa mtu mzima kafutwa karibu kabisa, sasa hiyo ni stori ya polisi na mwizi, umaskini umebaki kama pazia nyuma. Kwa watoto kuna katuni ya Kijapani ya 2007, episodi 52, imemweka Cosette katikati, nzuri ila imelainishwa. Na ile ya Ladj Ly ya 2019 yenye jina hilihili siyo kitabu hiki, ni stori ya polisi na vijana wa mitaa ya leo palepale Montfermeil, mji ule Cosette alikochotea maji, iangalie mwishoni.

Kwa hiyo, una wiki moja tu? BBC. Una jioni moja na unataka kulia? Muvi ya 2012. Unapenda muziki, rekodi ya 1995. Umeshaziona zote na unajiuliza kama kitabu kitakuongezea kitu, soma tu sehemu ya kwanza, inaitwa Fantine, inasimama yenyewe kama riwaya nzima, halafu ndo uamue.

Mimi kilichonifanya niamini kitabu hakina mbadala ni Éponine. Huyu ni mtoto wa kina Thénardier, jukwaani anaimba peke yake mvuani anampenda Marius asiyemwona, na ukumbi mzima unamlilia, mimi mwenyewe nimemlilia. Lakini rudi kwenye barua ya kwanza. Fantine hakutuma zile faranga 10 za nywele, alinunua sketi ya sufu akaituma, akafurahi kwamba mtoto wake hasikii tena baridi, amemvika nywele zake. Kina Thénardier walikasirika, wao walitaka hela. Sketi wakampa Éponine, na Cosette akaendelea kutetemeka.